Mrithi Niliyemwandika kwa Hasira

Kabla sosaiti yetu ya maziwa, ule ushirika wa wafugaji, haijaanguka, nilikuwa mtu wa msimamo. Redio ikitangaza kwamba serikali imetoa pesa kuokoa kampuni fulani kubwa iliyofilisika, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuizomea, nikiwa nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa za mifugo pale Bahati, mkono mmoja ukimpimia mtu chumvi ya ng'ombe. "Kuku wangu arobaini walikufa na kideri kwa siku mbili," nilikuwa nikiwauliza wateja. "Ni waziri gani alikuja kunishika mkono?" Hakuna aliyemjua. Wateja walinisikiliza vizuri, maana mtu aliyekuja kununua dawa ya minyoo hawezi kutoka kabla hajapewa chenji yake, na mimi chenji nilikuwa nikiitoa polepole.

Mume wangu alikuwa upande wa pili. Yeye ana ng'ombe watatu wa maziwa nyumbani na shamba la viazi kule Kabazi, kwenye sehemu aliyoachiwa na babake, na ni mpole kiasi cha kukasirisha. Nikianza kuirukia redio jioni, yeye huendelea kumenya kiazi chake cha moto na kusema, "Lakini hiyo kampuni iko na wafanyakazi, mama. Wako na watoto." Basi. Hakuwa na hoja nyingine, na hiyo moja ilitosha kunipandisha mori.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu nimechoka kuuficha. Sikuwa nikigombana na kampuni yoyote. Nilikuwa nikigombana na lori la shemeji yangu.

Miaka kumi na mmoja kabla ya mambo haya, ndugu ya mume wangu alinunua lori kwa mkopo, akashindwa kulipa, madalali wakalichukua. Wakati huo nilikuwa na mtamba. Mamangu alikuwa amenipa ndama jike siku ya harusi yangu, nikamlea kwa mkono, akazaa, na mtamba huyu alikuwa mjukuu wake, ana mimba ya miezi saba, mweusi na madoa meupe tumboni. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta kamba inaning'inia bomani bila mtu wake. Nikamwuliza mume wangu mtamba yuko wapi. Akaniambia, akiangalia viatu vyake, "Brother alikuwa ameanguka. Ilibidi nimuokoe."

Lori lilirudi barabarani kwa miezi minne, likapasua injini karibu na Naivasha, na mpaka leo liko nyuma ya gereji fulani, mti umeota mahali pa usukani. Kila Krismasi shemeji hunishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia mtamba wangu anakuja. Ningekuwa namlisha huyo mtamba wa maneno, ningekuwa nimefilisika kwa nyasi.

Wiki ile ile nilienda ofisi ya sosaiti nikajiunga na kitengo cha akiba, peke yangu, kwa jina langu la kitambulisho. Mume wangu alikuwa mwanachama wa maziwa tangu zamani, lakini akiba zilikuwa na daftari lake na dirisha lake upande wa nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Karani akaniuliza mrithi wangu ni nani, yaani mtu wa kulipwa pesa zangu nikifa. Nilikuwa bado nimefura. Nikamtaja dada yangu mdogo, aliyekuwa hajaolewa na anafanya kazi ya kufunga maua Naivasha, na nikatoka pale nimeinua kidevu kana kwamba nimemfunga mtu jela. Kitabu changu cha akiba nilikificha dukani ndani ya katoni ya sumu ya panya, kwa sababu mume wangu huogopa sumu hata ikiwa imefungwa.

Pesa hizo, moyoni mwangu, niliziita nauli. Nilikuwa nikiweka nauli ya kuondoka.

Hasira iliisha, sijui lini hasa. Labda ni mwaka ule nilipolazwa na nimonia, akawa ananiletea uji hospitalini kila asubuhi baada ya kukama, uji mbaya wenye madonge, ndani ya chupa ya chai iliyopoteza kifuniko. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea lile dirisha la nyuma. Nauli ikageuka polepole ikawa mpango wa kununua chumba kile cha duka ninachopanga. Kumwambia mume wangu ningemwambia, ila ingebidi nieleze nilianzaje, na kila nilipofungua mdomo nilijikuta nauliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Siku zikapita hivyo, kisha miaka.

Halafu sosaiti ikaanguka.

Iliangushwa na unga. Wakurugenzi walikuwa wameamua kwamba sisi si watu wa kuuza maziwa mabichi tena, tuwe watu wa maziwa ya unga. Wakakopa benki, wakaweka akiba zetu dhamana, wakaagiza mashine kubwa kutoka ng'ambo, ikajengewa nyumba nje ya mji wa Nakuru. Mashine ilihitaji umeme wa nguvu, na umeme wa nguvu haukuwa umefika huko. Ikafunikwa turubai. Bawabu wa jengo hilo, ambaye alikuwa mteja wangu, aliniambia kuku wake wanaipenda sana na wametaga humo msimu mzima. Benki haikuwapenda kuku. Asubuhi moja ya wiki ya malipo tulikuta mlango wa sosaiti umefungwa, na karatasi imebandikwa kusema malipo ya maziwa na akiba zote yamesimamishwa mpaka hapo tutakapojulishwa.

Sisi watu wa huku tukipatwa na balaa tunajua kufanya kitu kimoja kwa ustadi, nacho ni matanga. Kufika saa nne tulikuwa na kamati. Kufika saa sita kamati ilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na grupu kwenye simu, na akina mama wa kanisa tulikuwa tumechanga sukari, majani ya chai na unga, tukashika njia kwenda kwa meneja wa sosaiti kumpa pole. Naapa hatukuwa na nia mbaya. Tumezoea tu kwamba mtu akipatwa, unaenda kwake na sukari. Lakini meneja alipochungulia na kuona wanawake thelathini wanateremka na mizigo, wameziba njia nzima, alipita dirisha la jikoni, akaruka ua, akaonekana mara ya mwisho akikatiza shamba la mahindi la jirani bila viatu. Mkewe alitupokea kwa heshima, akitetemeka. Tukamwombea, tukachemsha chai, tukaosha vikombe, tukaondoka. Ni mpaka nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba nimempelekea kilo mbili za sukari mtu aliyekalia akiba yangu ya miaka kumi na mmoja, na nikakaa kwenye stuli nikalia kwa uchungu wa kweli.

Kesho yake nilifungua duka nikiwa mtu mwingine. Mteja wa kwanza alipouliza nafikiri nini, nikamwambia serikali ina jukumu la kuingilia kati mara moja. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye amesikiliza hotuba zangu zote kupitia ukuta wa mbao, akaja na wembe mkononi.

"Mathe," akasema, "si wewe husema wakianguka waachwe?"

"Hii ni tofauti."

"Tofauti aje?"

Nilifikiria kwa bidii. "Hizo zingine ni kampuni. Sisi ni watu. Tuko na watoto."

"Hiyo si ndiyo mzee wako husema?"

Nikamwambia arudi kwake, kuna kichwa nusu kinamngoja.

Siku tuliyoandamana kwenda ofisi ya ushirika Nakuru nilikuwa mstari wa mbele na tawi la mti mkononi. Nilipiga kelele kuliko wanaume. "Serikali ituokoe!" niliimba, na sauti yangu, ambayo kwaya ya kanisa iliwahi kuniomba niipunguze, ilisikika mpaka sokoni. Mume wangu alikuwa nyuma na wenzake wa maziwa. Tulipopumzika kivulini akaniletea soda.

"Sikujua maziwa yangu inakuuma hivi," akasema, na macho yake yalikuwa na maji kidogo.

Nikanywa ile soda yote bila kupumua. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema, na niliimeza na gesi yake.

Baada ya wiki kadhaa za mikutano, serikali ikakubali. Ilitangazwa kwenye redio kwamba itailipa benki na kuifungua sosaiti, na duka langu likajaa watu wa kupongezana, pamoja na mimi niliyewahi kusema mambo mengi kuhusu pesa za walipa kodi. Nilicheka, nikashangilia, nikampa kinyozi dawa ya viroboto ya mbwa wake bure. Kisha mtangazaji akasoma masharti. Kulikuwa na wanachama hewa wengi kwenye daftari, alisema, na serikali haitaokoa hewa. Kwa hiyo kila mwanachama afike siku ya Alhamisi kwenye ukumbi wa kanisa akiwa na kitambulisho, kitabu cha akiba, na yule mrithi aliyemwandika, akiwa hai na kwa miguu yake.

Jioni mume wangu aliingia akiwa na furaha. "Alhamisi ufunge duka," akaniambia. "Next of kin wangu ni wewe. Nilikuandika mwaka ule tulioana."

"Sawa," nikasema. Chapati iliyokuwa kwenye kikaango ikaungua nikiitazama.

Nilimpigia dada yangu simu kutoka dukani. Yeye husikia simu yangu akajua kuna msiba.

"Nani ameenda?" akauliza.

"Hakuna mtu ameenda. Nataka uombe ruhusa Alhamisi uje. Kuna mahali nilikuandika."

"Uliniandika wapi?"

Nikamweleza yote, hata hasira, hata nauli. Nilitarajia anicheke, maana sisi huchekana. Badala yake nikamsikia analia.

"Hakuna mtu amewahi kuniandika mahali," akasema.

Nilikuwa nimepanga kumwomba aseme kwamba alilazimisha, au kwamba karani alikosea, au uongo wowote ambao ungetufikisha Ijumaa salama. Sikuweza. Nilimwambia tu avae nguo ya joto, Bahati kuna baridi.

Alhamisi ukumbi ulikuwa umejaa kuliko Pasaka, na nilijua mara moja kwamba si mimi peke yangu niliyejaza fomu siku nimekasirika. Mzee mmoja alikuwa amemwandika mamake, ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita, naye alikuja na picha yake imewekwa kwenye fremu, akiishikilia mbele kama anaingia studio. Bwana mmoja, ambaye kanisani hushika sadaka, alikuwa amekaa katikati ya mke aliyeachana naye na nafasi tupu, kwa sababu mke wa sasa alikuwa amekataa kuingia na alisimama mlangoni na mwavuli uliofungwa. Wana wawili wa mfugaji mmoja tajiri walikuja kila mmoja na suti yake, kila mmoja akiwa ameahidiwa. Daftari lilipofunguliwa, jina lilikuwa la dada yao anayemfulia baba yao nguo, na yeye alikuwa nyumbani anafua.

Nilikaa na mume wangu benchi la tatu. Nilikuwa nimemwomba Mungu atume mvua, tetemeko, chochote. Akamtuma dada yangu, saa tatu unusu, na kitambaa kipya cha kichwani na gauni la harusi za watu. Mume wangu akafurahi kumwona, akainuka, akampisha.

"Shemeji! Kwani na wewe uko kwa sosaiti?"

Dada yangu akanitazama. "Amekuja kunisalimia," nikasema mimi. Hata leo naona aibu nikikumbuka jinsi neno hilo lilivyotoka haraka.

Afisa wa ushirika alikuwa mama mwenye miwani, aliyepewa kipaza sauti ingawa ukumbi haukukihitaji. Alikuwa akisoma namba, kisha jina, mwanachama anasimama na mtu wake. Wa akiba walianza. Alipofika kwenye namba yangu, akasoma jina langu, yote matatu, bila kukwama.

Mume wangu akacheka kidogo. "Kuna mtu ako na jina kama lako," akasema, akageuka ili tucheke pamoja. Nilikuwa nimeshasimama.

"Mrithi?" afisa akauliza, akasoma jina la dada yangu. Dada yangu naye akasimama. Mume wangu akabaki ameketi kati ya nafasi mbili tupu, na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo hivyo kwenye benchi. Moyo uliniuma. Nausema hivyo ulivyokuwa, uliniuma kuliko siku ya mtamba.

Mbele ya meza nilipewa fomu mpya. "Unabaki na huyu ama unabadilisha?" afisa akauliza, na kipaza sauti kikaliuliza swali hilo mpaka barabarani. Dada yangu alikuwa amenishika mkono.  Watu walionisikiliza miaka yote nikifundisha uchumi juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe walikuwa nyuma yangu wananingoja niseme.

"Naweza andika wawili?" nikauliza mwishowe.

"Unaweza. Asilimia ngapi kwa ngapi?"

"Hamsini kwa hamsini."

Dada yangu akainama karibu na kipaza sauti bila kujua kiko wazi. "Mpe yeye sitini," akaninong'oneza. "Si yeye ndiye atakuzika?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, hata yule mzee wa picha alicheka. Nikaandika sitini na arobaini. Jina la mume wangu lilitoka limepinda, jina nililoliandika mara elfu kwenye mambo ya shule ya watoto.

Kisha wakafika wa maziwa, na jina lake likaitwa. Nikasimama karibu naye kama nilivyotakiwa. Hakunitazama.

"Mzee, mrithi ni huyu mama?"

"Ndiye."

"Unabaki naye ama unabadilisha?"

Mume wangu aliishika fomu, akaiangalia, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akaiangalia huko pia. Kinyozi, aliyekuwa mwanachama wa namba za mwisho, alikuwa amepanda juu ya benchi ili aone vizuri. Mume wangu akaikunja fomu mara nne.

"Hii nitajazia nyumbani," akasema.

"Uuuwi!" wakasema akina mama wa kanisa, wote pamoja, kwa sauti tatu.

"Mwisho wa kurudisha ni tarehe thelathini," afisa akasema.

"Sawa," akasema mume wangu, akaitia mfukoni.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele. Dada yangu aliondoka mapema kuwahi zamu ya kesho, na aliponiaga alinikumbatia muda mrefu kisha akaniambia pole, na sikujua ananipa pole ya nini kati ya zote. Saa kumi mume wangu akaingia bomani kukama. Nikamfuata na ndoo ya pili. Alikama ng'ombe wawili. Kwenye wa tatu akauliza, akiwa ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, "Hiyo pesa ilikuwa ya nini?"

"Ya kuondoka."

Maziwa yakaendelea kuingia kwenye ndoo. "Kwenda wapi?"

"Nakuru. Nilikuwa nimeona chumba ya kupanga."

"Nakuru tu?"

"Nakuru."

"Mimi nilidhani angalau Mombasa," akasema. Nikacheka, kisha nikagundua ninalia, kisha nikawa nafanya yote mawili na ndoo mkononi. Yeye hakugeuka.

"Huyo mtamba," akasema baadaye, "ilifaa nikuulize."

"Ningesema hapana."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza." Akainuka, akashika kiuno. "Lakini ilifaa nikuulize."

Alichuja maziwa, akala, akalala. Ile fomu aliiweka mezani chini ya mkebe wa sukari, imekunjwa, haijaandikwa, na hapo ikakaa.

Zile wiki mbili zilizofuata zilikuwa shule yangu. Sosaiti ilifunguliwa na serikali ikafanya ilichosema, au nusu yake, maana tulirudishiwa nusu ya akiba na tukaambiwa nusu nyingine iko njiani. Wateja walipokuja kulalamikia hiyo nusu, nikajikuta ninawatetea walipa kodi na serikali kwa pamoja, jambo lililomfanya kinyozi aniulize kama nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimegundua tu kwamba kuokolewa si raha kama nilivyodhani nilipokuwa nawaonea wivu wenye kampuni. Umeokolewa, sawa, lakini unakaa hapo, na aliyekuokoa anaweza kukutazama wakati wowote anapotaka, na wewe huna la kujibu.

Nilipika. Nilipika chapati, nikapika mukimo, nikachinja jogoo bila mgeni. Kila asubuhi nilipotaka sukari niliinua mkebe polepole nikachungulia, na fomu ilikuwa vile vile. Mume wangu alikula kila kitu, akashukuru, akaongeza. Sukari alianza kutia vijiko vitatu, yeye ambaye hunywa chai ya kijiko kimoja, na kila kijiko alikuwa akiuinua ule mkebe juu kabisa, akaurudisha. Nashuku alikuwa akijifurahisha. Nilimwacha, kwa sababu ilikuwa haki yake, na pia kwa sababu niliogopa. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa na nauli ya kwenda zangu, na haikuwahi kunijia akilini kwamba mtu anayeweza kuondolewa ni mimi.

Asubuhi ya tarehe thelathini alikuwa anaenda Kabazi kuchimba viazi. Alikuwa ameshavaa gambuti alipoichukua fomu chini ya mkebe, akanipa.

"Nipelekee hii sosaiti," akasema. "Mimi sitafika."

Nikaiweka ndani ya sweta, nikafunga mlango, nikatembea kwa adabu mpaka kona ya posho mill, pale kwenye mashine ya kusagia mahindi. Hapo adabu ikaniisha. Nikasimama kando ya magunia ya pumba nikaifungua.

Alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu, kwa ule mwandiko wake wa mtu anayebeba vitu vizito. Mrithi: jina langu, yote matatu. Asilimia: mia moja. Sahihi yake ilikuwa chini. Nikasoma mara mbili, nikashukuru Mungu kwa sauti, mpaka mwenye mashine akanichungulia. Ndipo nikaona kuna mstari mmoja hauna kitu. Ulikuwa kati ya jina langu na ile mia moja, na uliandikwa: Uhusiano na mwanachama.

Nikampigia simu. Nyuma yake nilisikia jembe na watu wanaongea.

"Kuna mahali umesahau," nikamwambia. "Hapa kwa uhusiano."

"Sijasahau," akasema. "Hapo jaza wewe."

Nikangoja aseme lingine. Alimwambia mtu asikate viazi na jembe, kisha akakata simu.

Sikuwa na kalamu. Nikaazima ya mwenye mashine, ile anayoandikia magunia, nikaiweka fomu juu ya gunia la pumba na nikasimama hapo. Watu walipita na mahindi yao, wakanisalimu, sikuwaitikia. Nimehutubia Bahati nzima juu ya jukumu la serikali na sijawahi kukosa neno, na hapo nilihitaji moja tu.

Nikaandika MKE. Nilibonyeza kwa nguvu, na kwa sababu pumba ni laini, kalamu ilitoboa karatasi kwenye herufi ya mwisho.

Karani wa sosaiti aliinua fomu kwenye mwanga, akaliona tundu, akasema hajui kama Nairobi wataikubali hivyo, afadhali nijaze nyingine safi. Nikamwambia hapana, aipokee hiyo hiyo, na sikuondoka pale dirishani mpaka nilipoona ameigonga muhuri.